Gari Lililopunguziwa Safari



Mtu asimamaye kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, pale Emali au Makindu au mbele kidogo Kibwezi, akawa na nafasi ya kutazama pasipo haraka, hakosi kuona magari yaliyoteremka melini karibuni yakipita kuelekea Nairobi, mengine yamepakiwa juu ya malori, mengine yakiendeshwa na madereva wa kibarua ambao kazi yao ni kuyafikisha tu. Mengi huipita nchi ya Makueni yasirudi tena. Lakini baadhi yao, baada ya kukaa katika yadi za jiji na kuzunguka katika mikono ya mabroka, hurejea njia ile ile, yakapata makazi Wote, Kitui au Mwingi, yamenunuliwa na mwalimu aliyekopa katika sako yake, au na mchuuzi wa maembe anayetaka Probox ya kushindania msimu, au na mstaafu aliyeamua kwamba kiinua mgongo chake kisiishie katika kulipa madeni ya watu.

Swali la kwanza la mnunuzi, akiisha kulizunguka gari na kupiga tairi teke kwa desturi isiyofaa kitu, ni kwamba limetembea kilomita ngapi. Mwuzaji stadi hajibu kwa maneno. Hufungua mlango, huzungusha ufunguo, taa za dashibodi zikawaka, na kwa kidole akaonyesha tarakimu zilizo chini ya mshale wa mwendo. Ni tarakimu hizo, na kimya hicho cha mwuzaji, ninavyotaka tuvizungumze jioni hii, maana kuna watu wengi wanaoamini kwamba aliyenyamaza hakusema kitu na kwa hiyo hakusema uongo, na imani hiyo sheria ya Kenya haiikubali.

Hila yenyewe ni kongwe. Zamani, odometa ilipokuwa magurudumu madogo yenye tarakimu yakizungushwa na waya uliotoka kwenye giaboksi, fundi aliyeharibika tabia alichomoa waya huo na kuyazungusha magurudumu kinyume, na aghalabu tarakimu zilibaki zimepinda, zikamfichua. Leo hesabu ya safari imehifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta ndogo nyuma ya dashibodi, na watu wakadhani kwamba elimu ya elektroniki imeimaliza khiyana, kumbe imeirahisisha. Kifaa kinachounganishwa na soketi iliyo chini ya usukani, ile ile ambayo makanika huitumia kusoma maradhi ya injini, chaweza katika dakika chache kuandika tarakimu nyingine safi, zilizonyooka, zisizo na alama ya mkono wa mtu. Wengine hawaandiki kitu. Hung'oa dashibodi nzima na kuweka nyingine iliyotoka katika gari lililotembea kidogo. Vijana wa mjini husema maileji "imerudishwa". Na kuna udanganyifu wa tatu usiohitaji fundi: gari lililotoka Uingereza huhesabu maili, na mnunuzi asomaye 60,000 akadhani ni kilomita amekwisha samehe takriban kilomita 36,000 bila mtu kugusa waya.

Madhara yake hayaishii kwenye bei. Injini nyingi zenye mkanda wa taimingi hutaka mkanda huo ubadilishwe karibu na kilomita 100,000, na mwenye gari anayeamini kwamba limetembea 70,000 hatakuwa na sababu ya kuufikiria, hadi siku utakapokatika na vali zikagongana na pistoni, injini ikawa chuma chakavu. Mafuta ya giaboksi, breki, bushi na shokabu vyote hutunzwa kwa kufuata tarakimu zile. Yeyote aliyeshuka milima ya Mbooni au Kilungu na mzigo mzito ataelewa kwa nini hesabu ya uongo ni jambo la uhai wa watu, wala si la mfuko peke yake. Hata hivyo ningependa kuingiza neno moja la kuwatetea wauzaji waaminifu: tarakimu kubwa si aibu. Gari lililotembea kilomita 180,000 katika lami na kubadilishiwa mafuta kwa wakati laweza kuwa zima kuliko lile la 80,000 lililomaliza umri wake katika vumbi na makorongo ya Ikutha kabla ya lami kuingia Kitui ya kusini. Sisi wanunuzi, kwa kuiogopa tarakimu kubwa kupita kiasi, tumewafundisha waovu ni uongo gani utakaotupendeza.

Tena serikali, pasipo kukusudia, imeisukuma tamaa ielekee huko. Kwa mujibu wa kiwango kijulikanacho kama KS 1515, gari lililotumika halipokelewi nchini likiwa limepita umri wa miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kila Januari mwaka unaoruhusiwa husogezwa mbele. Umri huo umeandikwa katika hati, hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, na forodha huutumia kukadiria ushuru. Kuughushi ni kazi ya taabu. Basi magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja yakiwa yamesimama bega kwa bega katika yadi, kinachotofautisha bei zake, mbali na rangi na mikwaruzo, ni kilomita, na kilomita ni habari ambayo hati ya umiliki ya Kenya haiitaji. Ajabu ni kwamba nchini Japani, yanakotoka mengi ya magari hayo, gari la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza na kisha kila miaka 2, na kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi huingizwa katika cheti. Karatasi ya mnada nayo huzitaja, pamoja na daraja la gari na mahali lilipogongwa. Kwa hiyo gari laweza kufika Kilindini likiwa na historia yake iliyoandikwa vizuri, likaipoteza kati ya bandari na yadi, kwa sababu tu hapana mtu aliyelazimishwa kuihifadhi.

Sasa tuingie katika sheria yenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imeigwa kutoka sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, na moyo wake wa asili ni kwamba mnunuzi na ajihadhari: hakuna dhamana ya ubora inayodhaniwa ipo, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Lakini bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni sharti ilingane na maelezo hayo. Na neno la mwuzaji, likitamkwa kwa nia kwamba mnunuzi alitegemee, akalitegemea akanunua, huwa sehemu ya mapatano. Nani atahesabiwa kuwa ametoa neno la kutegemewa ni jambo lililowashughulisha majaji wa Uingereza katika kesi mbili ambazo kila mwanafunzi wa sheria nchini Kenya hukutana nazo, na ambazo huongoza mahakimu wetu bila kuwafunga.

Ya kwanza, iliyomo katika ripoti za mwaka 1957, ni ya Oscar Chess dhidi ya Williams. Mtu wa kawaida alitoa gari aina ya Morris kwa kampuni ya wauza magari, akasema ni la mwaka 1948, kwa kuwa ndivyo kilivyosema kitabu cha gari. Wakampa thamani ya pauni 290. Baadaye ikabainika kwamba ni la mwaka 1939, thamani yake pauni 175, na kwamba mtu asiyejulikana, mmojawapo wa wamiliki wa nyuma, ndiye aliyekighushi kitabu. Mahakama ya Rufani ikaona kwamba yule bwana hakutoa dhamana: hakuwa na njia ya kujua zaidi ya ile karatasi, na wenye ujuzi walikuwa ni hao waliomshtaki. Ya pili ni ya mwaka 1965, Dick Bentley dhidi ya Harold Smith. Safari hii msemaji alikuwa mfanyabiashara wa magari, aliyemwambia mteja kwamba gari aina ya Bentley limetembea maili 20,000 tu tangu kuwekewa injini na giaboksi mpya, ilhali lilikuwa limetembea takriban 100,000. Jaji Denning, aliyekaa katika kesi zote mbili, aliona kwamba mfanyabiashara alikuwa na uwezo wa kuipata historia ya gari, asijishughulishe. Neno lake likawa dhamana, akalipa fidia.

Nimekaa kitambo katika kesi hizi kwa sababu zinaeleza tofauti ambayo mnunuzi wa Kitui huigundua akiwa amechelewa. Mwenye yadi, ambaye magari ndiyo riziki yake, ana mzigo mzito kuliko jirani auzaye gari moja alilolinunua naye kwa mwenzake. Mwalimu wa Migwani anayemuuzia mwalimu mwingine gari ambalo maileji yake ilirudishwa miaka 3 kabla hajalinunua yumo katika viatu vya Williams. Na aliyenunua kwake, akitaka kudai dhamana, itambidi athibitishe kwamba mwenzake alilitia neno hilo katika mapatano, au kwamba alijua.

Katiba ya mwaka 2010 ilikuja kuugeuza msimamo wa kale. Kifungu cha 46 kimempa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya habari zimwezeshazo kufaidika nazo, haki ya kulindwa afya, usalama na masilahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Kisha Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, nambari 46 ya mwaka 2012, ikateremka hadi kwenye jambo letu, maana katika orodha ya maelezo ya uongo inayoyakataza imo hii: kudai kwamba bidhaa imetumika kwa kiasi kinachotofautiana kwa uzito na ukweli. Sioni namna ya kuielezea odometa iliyorudishwa kwa usahihi zaidi ya huo bila kuitaja kwa jina. Na aliyetendewa hivyo na mtu auzaye katika mwendo wa biashara yake anaweza kuuvunja mkataba kwa kutoa taarifa katika muda wa mwaka mmoja, arudishiwe fedha zake. Na ikiwa gari haliwezi tena kurudishwa, adai kile alichokilipa kupita thamani yake halisi. Sheria hiyo, tena, haikubali mtumiaji asainishwe karatasi ya kuzikana haki hizo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 55, nayo inamhesabia kosa mfanyabiashara anayesema uongo kuhusu bidhaa, ikiwemo historia na matumizi yake ya nyuma.

Kuhusu jinai nitasema machache. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, katika kifungu cha 312, inasema kwamba hadaa yaweza kufanywa kwa maneno, kwa maandishi au kwa mwenendo, kuhusu jambo lililopita au lililopo, naye mwenye kuifanya akijua kwamba si kweli. Na kifungu cha 313 kinampa anayejipatia mali kwa hadaa hiyo kifungo kisichozidi miaka 3. Hapo ndipo kidole cha mwuzaji wetu mnyamavu kinapohesabiwa kuwa ni ulimi. Lakini polisi hutaka kuthibitisha ujuzi wake, yaani kwamba alijua, pasipo shaka ya haki, na hilo ni gumu ikiwa gari limepitia mikono 4. Mwenye kutaka fedha zake zirudi atafanya hadhari kutoutegemea mlango wa kituo cha polisi peke yake.

Wenzetu wa mbali wameliandikia jambo hili sheria mahususi. Marekani iliipiga marufuku hila hii kwa sheria ya taifa mwaka 1972, ikamlazimu auzaye gari aandike kwa mkono wake kilomita, au maili kwa desturi yao, wakati wa kuhamisha umiliki. Aliyedanganywa kwa makusudi hulipwa mara 3 ya hasara yake au dola 10,000, iliyo kubwa kati ya hizo. Na bado idara yao ya usalama barabarani hukadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na hesabu ya uongo. Ubelgiji, kwa sheria ya mwaka 2004, ilichagua njia ambayo mimi naiona bora: kila gereji inapolishika gari ni sharti ipeleke kilomita zake katika daftari kuu, na anayeuza gari lililotumika hampi mnunuzi ufunguo pasipo kumpa hati ya kumbukumbu hizo, iitwayo Car-Pass. Marekani imetegemea adhabu. Ubelgiji imetegemea kumbukumbu. Mwovu huogopa ya pili zaidi, kwani adhabu humfika baada ya kukamatwa, ilhali kumbukumbu humzuia asianze.

Sisi tuna logibuku. Ina nambari ya chesisi, ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa, uzito, hata idadi ya waliolimiliki gari hapo nyuma; kilomita haina. Uhamisho wa umiliki siku hizi hufanywa kwa simu katika mtandao wa serikali, mwuzaji akakubali na mnunuzi akakubali, na hapana mahali popote wanapoulizwa gari limetembea kiasi gani. Mizani ya mchuuzi wa ndengu katika soko la Wote hukaguliwa na kupigwa mhuri na ofisa wa vipimo, kwa amri ya Sura ya 513, ili mtu asipunjwe robo ya kilo. Chombo kinachoamua nusu ya bei ya gari la shilingi 900,000 hakimhusu ofisa yeyote.

Ndiyo maana kinga ya kweli, kwa sasa, imo katika karatasi ambayo watu huandikiana mbele ya wakili, au mara nyingi zaidi mbele ya shemeji na kikombe cha chai. Nimeona karatasi nyingi za namna hiyo. Zina majina, vitambulisho, bei kwa tarakimu na kwa maneno, na sentensi ile maarufu kwamba mnunuzi amelikagua gari na kulikubali kama lilivyo. Tarakimu za odometa hazimo, na mwuzaji mwerevu hatakukumbusha. Kumbe mstari mmoja tu, usemao kwamba gari lilisoma kilomita kadha siku ya mauzo na kwamba mwuzaji anathibitisha kuwa ndizo kilomita zake halisi kwa kadiri ajuavyo, hubadilisha kila kitu: huligeuza lile onyesho la kidole kuwa neno lililotiwa sahihi, na maneno "kama lilivyo" hayawezi tena kulifunika. Mwuzaji akikataa kuuandika mstari huo, mnunuzi amekwisha pata jibu la swali lake pasipo gharama.

Sheria ya Ushahidi humtwika mzigo yule anayedai, kwa hiyo akusanye mapema: picha ya dashibodi siku ya mauzo, tangazo lililotumwa kwa WhatsApp kabla halijafutwa, nakala ya karatasi ya mnada iliyotafutwa kwa nambari ya chesisi. Na afungue boneti. Gereji zetu zina desturi njema ya kubandika kijikaratasi chenye kilomita ambazo mafuta yatabadilishwa tena, na wadanganyifu, ambao hukumbuka kusafisha viti na kupaka tairi rangi, hukisahau. Kijikaratasi kisemacho 146,000 katika gari linaloonyesha 82,000 ni shahidi asiyeweza kuhongwa. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma nayo ina la kusema, ijapokuwa wakili wa upande wa pili atambana.

Kuhusu mahakama, watu wengi wa Ukambani bado hudhani kwamba kesi ya gari itakula fedha kuliko gari. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 ilitungwa kwa ajili ya kadhia kama hizi: madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mdai akijisemea mwenyewe pasipo wakili, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na hukumu kutolewa katika siku 60. Mahali ambapo mahakama hiyo haijafika, mahakimu wa Kitui, Mwingi, Kyuso, Mutomo, Wote, Makindu, Tawa na Kilungu wana mamlaka ya kutosha. Tena ni vema kufahamu kwamba mtu hashtakii bei yote ikiwa analiweka gari. Tuseme alilipa 850,000, na mkadiriaji akasema kwamba kwa kilomita zake za kweli lilistahili 600,000. Dai lake ni ile 250,000, pamoja na gharama za matengenezo yaliyosababishwa na uongo. Muda wa kushtaki kwa mkataba ni miaka 6, na palipo na hadaa, hesabu ya muda huanza siku ilipogunduliwa au ilipopaswa kugunduliwa, jambo linalomsaidia aliyedanganywa na gari lililonyamaza muda mrefu.

Limebaki ombi moja, nalo nalielekeza kwa wenye kuandika kanuni katika Mamlaka ya Usalama wa Barabarani. Magari ya abiria na ya mizigo yanakaguliwa kila mwaka kwa amri ya sheria, na mkaguzi anapokaa kwenye kiti cha dereva tarakimu zile ziko mbele ya macho yake; na gari lolote linapohamishwa, pande mbili tayari hujaza fomu. Iongezwe nafasi moja katika fomu hiyo na nyingine katika ripoti ya mkaguzi, kisha nambari ya gari ikiulizwa katika mtandao, kilomita zote zilizowahi kuandikwa zitokee pamoja na tarehe zake. Mnunuzi aliyekaa chini ya mwembe huko Kathonzweni, simu mkononi, na mwuzaji akimsubiri kando ya Probox, atazisoma mwenyewe kabla hajatuma hata shilingi ya arubuni.